Miche Iliyoonjeshwa Kiu

Kijijini Bweranyange walimwita Mukabera mnyimi, na wala si kwa chumvi au moto wa kuazima. Ni kwa maji. Alikuwa na matuta mawili ya miche ya kahawa kitaluni, na tangu Agosti ile ya mwaka 1993 aliipunguzia maji makusudi, huku kila wiki akiondoa nyasi kidogo kwenye kichanja cha kivuli. Saa saba mchana majani yalilegea, naye alikaa pembeni akiyatazama.

Miche yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya Mzee Rwegoshora, mwenye kibanja, yaani shamba la migomba, aliyempokea mjane huyu wa Kinyarwanda na kumpa kibanda. Makubaliano yalikuwa mafupi. Kahawa ipandwe kwenye rweya, yaani kule kwenye nyasi tupu kusiko na mgomba wala kivuli. Ikishika, Mukabera atapata kipande chake cha kukaa maisha. Isiposhika, afungashe.

Akili ya kunyima maji alipewa na Bibi Shamba Adelgunda, aliyesomea kilimo Morogoro.

"Ndani ya mche kuna protini zinazofanya kazi ya unyapara," alimwambia. "Kiu ikianza, zinakwenda kuamsha jeni zilizolala. Hii isaidie kufunga vitundu vya jani, ile itengeneze kinga ya ukavu. Mche uliozoea maji kila siku, nyapara wake huchelewa kuamka. Jua la rweya litamkuta kitandani."

"Na nikizidisha kiu?"

"Utaua. Majani yakilegea mchana, jioni yainuke yenyewe. Yasipoinuka, mwagia."

Mukabera alikuwa amelima vibarua miaka mingi, manyapara aliwajua vizuri. Basi kila jioni alisubiri majani yainuke, na yalipochelewa hakuingia ndani kula.

Oktoba akaipanda kwenye rweya, miche ya tuta la kwanza kushoto mwa njia, ya la pili kulia. Mvua ikanyesha siku sita, ikakata. Wiki ya tatu ya jua kali, Rwegoshora alikuja na mkewe Celestina kukagua. Kushoto miche ilikuwa imesimama, majani magumu, ya kijani. Kulia yote ilikuwa imekauka.

"Shikamoo, baba," Mukabera alisema.

"Marahaba. Nusu imekufa. Tulikubaliana nini?"

Mukabera alichuchumaa akashika jani lililokufa. Lilikuwa pana, jepesi, jani la kudekezwa. Ndipo alipokumbuka udongo wa tuta la pili, jinsi alivyoukuta na unyevu kila akitoka kanisani, akadhani ni umande. Alimtazama Celestina. Celestina alitazama chini.

Alielewa, na akaogopa kuliko mwanzo. Mwanamke huyu ndiye aliyempa mkungu wa kwanza siku aliyofika bila hata sufuria, na hasira za mzee zilijulikana hadi kijiji cha Nyakasimbi. Akimtaja, atamponza. Akinyamaza, hana pa kwenda.

"Nisamehe, baba," alisema. "Nitafungasha."

"Usifungashe," Celestina alisema. "Hiyo iliyokufa ndiyo niliyoinywesha mimi. Kila Jumapili, na kila siku uliyokwenda kutafuta kuni. Kibuyu changu kilitosha tuta moja tu."

Rwegoshora alimgeukia mkewe. "Uliionea huruma miche?"

"Miche? Nilimwonea huruma Mukabera. Nilijua ikifa utamfukuza."

Mzee aling'oa mche mmoja uliokufa, akauvunja, kisha akavuka njia na kushika jani la kushoto kwa vidole viwili.

"Kipande ni chako," Rwegoshora alimwambia Mukabera. "Lakini kitalu cha mwakani mtakilea wawili. Umfundishe huyu kunyima."

Akaondoka. Mukabera alikaa chini kwenye nyasi akalia bila kujificha. Celestina alifungua kanga, akatoa kibuyu cha maji. Hata siku hiyo alikuwa amekibeba. Mukabera alikipokea, akatazama kahawa, akayanywa maji yote mwenyewe.