Wanja Juu ya Jua

Jua lilikuwa limewagomea. Kila asubuhi Bi Madoa alifungua kuba, akaelekeza darubini, akatandaza karatasi nyeupe mahali sura ya jua inapoangukia, tayari kuchora madoa kwa penseli. Kila asubuhi sura ile ilitoka safi, haina hata chunusi.

Angevumilia, kama si shemeji yake. Mdogo huyo wa mumewe alifanya kazi chumba cha pili, akipima sumaku ya jua kwa darubini yake mwenyewe, na mdomo wake haukujua likizo. Bi Madoa alikuwa ametabiri kwamba mzunguko mpya wa jua, ule unaorudi kila miaka kumi na moja hivi, ungeanza kabla ya siku ya wageni. Shemeji akasema wapi, labda mwakani. Wakawekeana sharti: doa la kwanza la mzunguko mpya lichorwe na Bi Madoa na lipimwe na shemeji, siku hiyohiyo. Likikosekana, Bi Madoa atawapokea wageni akiwa ndani ya vazi la Jua, sponji ya njano nene kama godoro, yenye miale kichwani, inayoacha uso tu nje. Likipatikana, atalivaa shemeji.

Lingekuwa jambo la kucheka tu, lakini miongoni mwa wageni alikuwamo mama mkwe. Bi Madoa alikuwa amejenga heshima yake kwa mwanamke yule kwa miaka, tena kwa jasho, na hakuwa tayari kuibomoa kwa sponji.

Siku moja kabla ya wageni, akiwa ameshakata tamaa, akaamua angalau amtoe shemeji jasho. Kabla hajafungua kuba alitoa wanja mkobani, akatia nukta kwenye kioo cha kuchungulia cha darubini. Hakuitia ovyo. Madoa ya mzunguko mpya huanzia mbali na ikweta ya jua, na sumaku zake huwa zimegeuka, kinyume cha madoa ya zamani. Kwa hiyo akaiweka palepale ambapo doa halisi lingetokea.

Alipofungua kuba, nukta ilitua kwenye karatasi, nyeusi, nzuri mno.

"Shemeji, hebu njoo uone."

Shemeji akaja na kikombe chake cha chai. Akaitikisa karatasi kidogo, kama wafanyavyo wote wachorao jua, ili kujua doa ni la jua au ni uchafu wa karatasi. Karatasi ikacheza, doa likabaki mahali pake. Liko jaribio la pili, la kukizungusha kioo kuona kama doa litazunguka nacho, lakini kwa pupa shemeji akalisahau. Akaweka kikombe mezani, akakimbilia chumba cha pili kulipima. Bi Madoa akajiziba mdomo kwa mtandio.

Shemeji alirudi amenywea. "Umenipata, shemeji. Nimelipima. Sumaku imegeuka."

Bi Madoa alicheka mpaka akashika meza. "Acha usanii wako. Huo ni wanja."

"Wanja gani?"

"Wangu. Tangu lini wanja ukawa na sumaku?"

Shemeji hakucheka. Alimwita chumba cha pili akamwonyesha skrini. Mbali na ikweta zilikuwepo alama mbili ndogo zilizobanana, nyeupe na nyeusi, ncha mbili za sumaku, zimepangwa kinyume kabisa cha zile za zamani.

Bi Madoa alikimbia kurudi. Akafuta kioo kwa ncha ya mtandio. Nukta ilipoondoka, mahali palepale, lilibaki doa dogo, la kweli, limetulia. Alikuwa amelifunika mwenyewe. Furaha ilimpanda mpaka machozi yakamlengalenga. Akanyakua penseli, na kabla haijagusa karatasi, wingu likaja, likaziba jua, likakaa kutwa nzima.

"Sharti ni lichorwe," shemeji alisema, akiinua chai yake iliyopoa.

"Lakini umeliona kwa macho yako."

"Nimeliona. Na mchoro wake uko wapi?"

Kesho yake Bi Madoa alisimama mlangoni, mnene, wa njano, jasho likimtiririka. Shemeji alikuwa ameongeza nukta nyeusi kifuani pa sponji, mahali pake hasa. Mama mkwe akamtazama kuanzia miale hadi miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akalowesha kidole kwa mate, akaisugua nukta ile. Haikutoka, ilisambaa. Nyuma yake shemeji alishikwa na kikohozi cha ghafla.

"Mkwe wangu," mama mkwe akasema taratibu, "wanja hupakwa jichoni."