Mbwa Aliyeulizwa Kila Jumapili

Kila Jumapili, kahawa ikishanywewa na kondoo wakishatoka zizini, Glenibah Etsitty aliwaswaga hadi kwenye birika la maji chini ya kinu cha upepo. Hapo aliwaacha wanywe, akapanda kilima kilicho kando na kuketi juu ya jiwe, simu mkononi. Kule bondeni kwake mtandao haufiki. Pale juu unafika, ukijisikia. Na mwanawe Terrill, aliyekuwa Texas akichomelea mabomba ya mafuta, alijua kwamba Jumapili kabla ya adhuhuri mama yake hakosi kuwa juu ya jiwe lile.

Simu zenyewe zilikuwa fupi, na zote zilianza namna moja.

"Mama, Shash hajambo?"

Hata salamu hakuna. Kwanza Shash. Neno hilo kwa Kinavajo, lugha ya wenyeji wa huku, ni dubu, na Terrill alimpa mbwa wake jina hilo siku alipomwokota akiwa kichanga kwenye kituo cha mafuta, pale ambapo watu wasio na haya huja kutupa watoto wa mbwa usiku na kuondoka zao. Alikuwa mweusi, kifua cheupe. Terrill alimlelea zizini katikati ya kondoo, alale nao, anuke kama wao, maana ndivyo mbwa wa kondoo anavyolelewa huku, mpaka mwenyewe asahau kwamba yeye si kondoo.

"Hajambo," Glenibah alikuwa akijibu. "Amenenepa huyo. Anakula kuliko mimi."

Uongo mtupu. Terrill aliondoka majira ya baridi, baada ya maziko ya baba yake, na Shash akakaa kando ya barabara akimngoja mpaka theluji ikayeyuka. Kisha asubuhi moja kundi la mbwa wasio na mwenyewe lilipita nyuma ya nyumba, naye akainuka akalifuata. Glenibah alimwona. Alikuwa amesimama mlangoni, unga umemjaa mikononi, na hakumwita. Huku kwetu mbwa hafungwi kamba. Ana akili zake na njia zake, akiamua kwenda ni juu yake.

Na mtu ndivyo vivyo hivyo. Siku Terrill alipotupa begi lake nyuma ya pikapu, alisimama kidogo uani akimtazama mama yake. Mama alimfungia mkate wa kukaanga kwenye kitambaa, akamwambia aendeshe polepole. Moyoni alikuwa na maneno mengine kabisa, yalimjaa mpaka kooni. Lakini mtu mzima haambiwi kaa, wala haambiwi rudi. Ni juu yake mwenyewe. Hivyo ndivyo Glenibah alivyofunzwa na mama yake, na mama yake naye alifunzwa na wake, na hakuna aliyewahi kuuliza kama funzo hilo linauma.

Basi akawa anadanganya. Alijiambia kwamba siku atakayosema mbwa hayupo, simu nazo zitakwisha. Mtoto asiyemuuliza mama yake hali, atapiga simu kuuliza nini? Aliutunza uongo ule vizuri kuliko alivyotunza paa la nyumba yake, ambalo lilikuwa linavuja.

Jumamosi moja ya majira ya kuchipua, mwaka uliofuata, upepo ukivuma na kujaza mchanga hata kwenye sufuria, binamu yake Wilbert Bitsui alifika na pikapu yake isiyo na mlango mmoja. Kwa desturi, hawa wawili ni watani, na Wilbert hakuwahi kuiachia haki yake hiyo ilale njaa.

"Wee binamu! Bado hujapata bwana? Nimepita barabara nzima sijaona foleni ya wachumba."

"Walikuja," alisema Glenibah, akimmiminia kahawa. "Wakasikia wewe ni ndugu yangu, wakakimbia."

Wilbert alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Aliketi, akanyoosha mguu. Suruali yake ilikuwa imechanika toka gotini hadi chini.

"Na hiyo? Umeanza kucheza na miiba?"

"Mbwa, binamu. Jana nilikuwa natengeneza uzio kule korongoni, nikasikia kimya. Unajua kile kimya? Hata ndege wameacha. Nikageuka, hao, wamenizunguka, hakuna anayebweka. Nilipanda juu ya paa la gari kama kijana. Na hii nyonga yangu! Nilikaa huko mpaka makalio yakafa ganzi. Wakachoka, wakaenda kumaliza mbuzi wangu."

"Wangapi?"

"Mbuzi au mbwa? Mbuzi wamebaki wa kuhesabu kwa mkono mmoja. Mbwa sikuhesabu, nilikuwa nasali."

Glenibah aliguna. Wilbert akaizungusha kahawa yake kikombeni muda mrefu, jambo ambalo si desturi ya mtu mwenye mdomo kama wake.

"Kuna mweusi anayewaongoza," alisema hatimaye. "Mkubwa. Kifua cheupe."

"Mbwa weusi wako wengi."

"Wako wengi, ndiyo. Lakini huyu alinitazama kama mtu aliyewahi kula kwangu."

Glenibah aliinuka akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Binamu, unajua mbwa aliyeonja damu ya mifugo hana dawa," Wilbert alisema, utani umemtoka kabisa. "Kama mkono wako mzito, nitafanya mimi. Au uza hawa kondoo, uhamie mjini. Zile nyumba za serikali zina joto, unabonyeza tu ukutani."

"Nikabonyeze ukuta nifanye nini? Kitovu cha Terrill kimezikwa hapo zizini, chini ya samadi ya kondoo hawa hawa. Nikiwauza, zizi litakufa. Mwanangu atavutwa na nini?"

Wilbert alilijua hilo. Kitovu chake yeye kiko zizini kwa mama yake, na kweli hakuwahi kufika mbali.

"Na mbwa je?" aliuliza.

"Niachie mimi."

Usiku ule Glenibah hakulala vizuri. Aliwataka kondoo, na alimtaka mbwa. Kondoo walikuwa kamba ya kumvuta Terrill nyumbani, mbwa alikuwa sababu ya simu yake, na sasa mmoja alikuwa anakuja kumla mwenzake. Kulipokucha alitoa bunduki ya mumewe, ambaye kwa kuwa amekufa jina lake halitajwi, akaitia risasi, akawatoa kondoo. Mbwa aliyebaki pale nyumbani, mzee kiziwi ambaye kwa mzaha walimwita Paka, alijikokota nyuma.

Walifika birikani. Kondoo waliinamisha vichwa wakanywa. Glenibah alikuwa nusu ya kilima alipokisikia kile kimya cha Wilbert.

Walitokea kwenye vichaka vya mreteni, mmoja huku, wawili kule, wengine nyuma ya birika. Walikuwa wamekonda, manyoya yamewanyonyoka kwa ukurutu, na hakuna aliyebweka. Mtu wa mjini ukimtajia mbwa anamfikiria yule anayelala kwenye zulia; hawa hawakuwahi kuona zulia, na wengine walizaliwa korongoni bila kuguswa na mkono wa mtu. Glenibah alijua kwamba ukikimbia umekwisha, na ukiwapa mgongo ni kama umekimbia. Akashuka polepole, uso kwao, akasimama kati yao na kondoo. Kondoo walijikusanya nyuma yake mpaka akasikia joto lao miguuni. Paka alijipenyeza katikati yao, akawa kondoo.

"Tokeni!" alipiga kelele. "Nendeni zenu, mashetani nyie!"

Jike mmoja wa kijivu alimsogelea ubavuni, meno wazi. Glenibah alimtupia jiwe, likampata, akarudi nyuma kidogo tu. Mwingine akachukua nafasi yake. Ndipo yule mweusi akatoka kichakani na wenzake wakampisha.

Alikuwa Shash. Amekonda, sikio moja limeraruka, lakini hata gizani angemjua. Glenibah aliinua bunduki, akamlenga kile kifua cheupe, na kidole kikakataa. Machozi yalimziba macho, akayakasirikia machozi yake.

Terrill alikuwa na namna yake ya kumwita, mluzi mrefu unaopanda mwishoni, kisha jina. Mdomo wa Glenibah ulikuwa mkavu. Alijaribu mara moja, ukatoka upepo mtupu. Akajaribu tena.

Shash alisimamisha masikio.

"Shash," alisema. "Shash wangu. Njoo. Njoo nyumbani."

Na mbwa akaja. Alikuja kichwa kimeinama, tumbo karibu liguse mchanga, mkia ukitingishika, akinung'unika kama mtoto aliyekawia kurudi na anajua. Alimnusa viatu. Alimnusa sketi. Kisha akakisukuma kichwa chake kwenye kiganja cha Glenibah, naye akaiweka bunduki chini, akapiga magoti, akakishika kichwa kile chenye makovu na kupe. Furaha aliyoisikia ilikuwa kubwa mno, hajapata kuisikia tangu mwanawe aondoke. Kumbe ni hivi tu? Kumbe ni kuita tu?

Nyuma yake kondoo alilia.

Wale wengine hawakuitwa na mtu, na hawakuwa na sababu ya kungoja. Walikuwa wamempata kondoo jike mwenye mimba pembeni mwa kundi, wameshamwangusha. Harufu ya damu ilifika. Glenibah aliusikia mwili wa Shash ukikakamaa mikononi mwake, akamkumbatia shingo kwa nguvu.

"Hapana. Kaa. Kaa na mimi, Shash, kaa!"

Aliponyoka. Hakumng'ata, alimponyoka tu, akaruka, na alipofika kwenye koo la yule kondoo hakuwa tena mbwa wa mtu. Glenibah aliokota bunduki. Safari hii kidole kilitii.

Mlio ulirudi kutoka kwenye miamba, na kundi likatawanyika vichakani. Shash alianguka juu ya kondoo aliyemuua. Walilala pamoja, jinsi alivyolelewa alale, na Glenibah hakuweza kuangalia muda mrefu.

Alipanda kilima kwa sababu ilikuwa Jumapili. Hakujua la kufanya jingine. Aliketi juu ya jiwe, na simu ikalia. Aliiacha. Ikalia mpaka ikanyamaza. Basi, akawaza, ndiyo mwisho. Terrill hakuwahi kupiga mara mbili.

Ikalia tena.

"Mama? Mbona hushiki? Shash hajambo?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, ukimngoja. Glenibah alitazama chini birikani.

"Shash amekufa," alisema. "Nimempiga risasi mimi. Sasa hivi."

Akamwambia yote, jinsi mbwa alivyomngoja barabarani, jinsi alivyoondoka, jinsi yeye alivyodanganya Jumapili baada ya Jumapili. Aliishika simu kwa mikono miwili, akingoja ikatike.

"Alikujua?" Terrill aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Alinijua. Nilimwita unavyomwita wewe, akaja mpaka mkononi. Lakini nilichelewa kumwita, mwanangu. Ningemwita siku ile ile angerudi akakaa. Nilisimama tu mlangoni namwangalia."

"Na mimi ulisimama hivyo hivyo."

Glenibah aliibana simu sikioni.

"Nilisimama pale uani nikisubiri useme neno, mama. Ukanipa mkate. Nilipofika kwenye geti nilizima gari, nikakaa. Nikasema labda atatoka. Hukutoka. Nikajua basi, una kondoo wako, mimi wa nini?"

"Si mahali pangu kukuamuru," alisema, akilia waziwazi sasa. "Wewe ni mtu mzima. Ni juu yako."

"Najua ni juu yangu. Nimelelewa na wewe, najua. Lakini ungesema tu. Hata kama nisingebaki." Akavuta pumzi. "Ningekuulizia vipi wewe, mama? Nikikuuliza hali utasema hujambo. Ndiyo maana namuuliza mbwa."

Upepo ulipiga, na simu ikakwaruza. Glenibah aliitazama: alama ya mtandao ilikuwa inapotea na kurudi. Akasimama juu ya jiwe, ili awe juu kidogo zaidi.

"Sina raha, Terrill. Nina hamu na wewe mpaka naumwa. Rudi nyumbani."

Simu ikakwaruza tena. Hakuwa na hakika kama neno limefika. Akalisema kwa sauti kubwa, akaligeuza kelele, neno ambalo mama yake hakuwahi kulisema wala bibi yake, mpaka kondoo kule chini wakainua vichwa.

"Rudi! Unanisikia? Rudi nyumbani!"

"Nimesikia," alisema Terrill, akilia. "Nimesikia tangu la kwanza, mama. Sema tena."