Bingwa wa Muaither

Kichomi kilinishika ubavuni kabla sijamaliza kilomita ya pili. Kandokando ya Kornishi, barabara ya ufukweni, walinzi wenzangu walikuwa wakipiga makofi na kuliita jina langu. Kiprop! Kiprop!

Lawama zote nalitupia jina hilo. Tangu nishuke Doha mwaka 2010, kila aliyesikia kwamba naitwa Kiprop na kwetu ni Kapsabet, kule kwa wanariadha, alinitazama miguu. Sikuwahi kudanganya. Nilinyamaza tu, na kunyamaza kukaninenepesha: mpishi wa kambi yetu ya Muaither aliniongezea maziwa, msimamizi akaniondoa zamu za langoni juani. Kumbe shuleni, wenzangu walipokimbia, mimi mwenye kifua kibovu nilikaa kando ya uwanja nikiwashikia sweta. Mama alikuwa akinipitia pale akitoka sokoni, akinikuta nimezama kwenye rundo la sufu, macho tu ndiyo yanaonekana.

Februari ya 2013, Siku ya Michezo, kampuni ikaandaa mbio za kilomita tano. Mshindi angepata tiketi ya kwenda nyumbani na likizo ya wiki mbili. Mama alikuwa mgonjwa, na nilikuwa sijauona uso wake kwa miaka mitatu. Nilitamani kumwona mpaka nikaanza kuziamini sifa zangu mwenyewe.

“Boss, hiyo tiketi ni yako,” aliniambia Levis, aliyelala kitanda cha juu yangu, tukifunga kamba za viatu. “Sisi wengine tunakusindikiza tu.”

Nilitaka kumwambia ukweli. Nikaendelea kufunga kiatu.

Alishinda Dominiko, Mganda wa kuosha vyombo, ambaye hakuna aliyewahi kumwongezea maziwa. Mimi nilifika meza za maji zikikunjwa. Levis hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma.

“Buda, kwani uko mgonjwa?”

“Sijawahi kujua kukimbia, Levis.”

Jioni nikampigia mama. Nilikuwa nimeshatunga kisingizio cha mguu, lakini niliposikia sauti yake ilivyofifia kikanitoka kichwani. Nikamwambia nimekimbia, nimeshindwa, kwa hiyo siji. Mkataba wangu ulibakiza miezi kumi, na yeye hakuifikisha. Lakini jioni ile alicheka, kile kicheko chake cha kukohoakohoa ninachokitafuta hadi leo.

“Wewe? Kukimbia?” akasema. “Na sweta zao ulimwachia nani?”