Vita Sebuleni kwa Wifi

Asubuhi, kabla jua halijafika dirishani, mwongozaji wa filamu aliwapanga watu wake sebuleni kwa wifi yake. Mpiga picha alibanwa kwenye kona ya kabati la vyombo, fundi sauti akachuchumaa nyuma ya kochi, na wifi mwenyewe akasimama mbele ya meza ya kupigia pasi. Bunduki haikuwepo. Katika filamu za vita za mama huyu haikuwahi kuwepo bunduki, wala moshi, wala mtu anayekimbia. Aliingia nyumba ambayo vita viliipunguzia mtu, akaweka kamera, akamwambia aliyebaki afanye kile alichokuwa akifanya siku habari zilipofika. Wenye kumbi za sinema walinung'unika kwamba watu wanakuja kuona vita, wanaonyeshwa mtu anamenya viazi. Aliwajibu kwamba vita ndivyo hivyo.

Safari hii ilikuwa zamu ya familia yake. Aliyepungua alikuwa kaka yake mkubwa, mume wa wifi. Nishani yake ilining'inia ukutani, na mtaa mzima ulijua kwamba aliuawa akimkabili adui uso kwa uso.

"Wifi, nipige pasi shati lipi?"

"Lile la siku ile."

"Lile nilimpa fundi bomba zamani. Nilichoka kuliona kabatini."

"Basi lolote jeupe."

Mara ya kwanza mwongozaji hakuridhika. Mara ya pili kola ilinyooka mno. Mara ya tatu mlango ukafunguliwa, kaka akaingia, suruali imelowa matope hadi magotini, akaketi kwenye kochi. Mwongozaji hakusema "kata". Fundi sauti alisogeza maikrofoni.

"Nina kiu," kaka alisema.

Wifi akaisimamisha pasi, akaenda jikoni, akarudi na maji. Kaka aliyanywa kwa mkupuo mmoja. Yakamtoka kwenye tundu mgongoni, yakalowesha kochi.

"Vitambaa hivyo nimevifua juzi tu," wifi alisema. "Hebu geuka."

Kaka akageuka. Wifi alilitazama tundu, kisha akaitazama nishani.

"Mbona mgongoni?"

"Tulikataa kuchoma nyumba zenye watu ndani. Mkuu wa kikosi akatuamuru tugeukie mto."

Wakati huohuo lori lilipita nje likinguruma, na fundi sauti akatikisa kichwa. Mwongozaji, ambaye alikuwa akilia kimya ili maikrofoni isimnase, akamwomba kaka yake arudie. Kaka akarudia neno kwa neno, kwa subira ya mtu aliyezoea kuamriwa.

Kazi ilipokwisha hakuondoka. Hakupenda tena kutoka nje. Wifi alitandika nailoni juu ya kochi, maisha yakaendelea.

Filamu zote zilipita bodi ya ukaguzi, na mwenyekiti wa bodi alikuwa yuleyule mkuu wa kikosi, sasa mzee mstaafu mwenye miwani minene. Aliitazama hadi mwisho, mikono juu ya tumbo.

"Huyu namkumbuka," alisema. "Mchapakazi kwelikweli. Na mwanga umeupatia, dada."

"Na maneno yake?"

"Hayo hapana. Marehemu hawezi hata kuapishwa mahakamani. Mimi simkatazi kuonekana. Aonekane. Sauti itoe."

"Nisipoitoa?"

"Basi haonekani wala hasikiki. Uamuzi ni wako, mimi sikulazimishi."

Mwongozaji na wifi waliongea jikoni, bomba likiwa wazi ili kaka asisikie.

"Kata," wifi alisema. "Angalau watu waione sura yake."

"Wifi, yule ni kaka yangu."

"Na ni mume wangu. Kata."

Mwongozaji aliikata sauti mwenyewe, hakumwachia mhariri.

Onyesho la kwanza lilifanyika mchana, ukumbi ukafurika. Kaka alionekana akifumbua na kufumba mdomo, huku ukisikika muziki wa kinanda wa taratibu uliopendekezwa na bodi. Watu walilia hadi wengine wakatolewa nje. Mwenyekiti, aliyekuwa mgeni rasmi, naye alilia. Alipanda jukwaani akiwa bado anafuta miwani, akasema kwamba filamu hii inawaenzi vijana wake waliokufa wakimkabili adui. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Mwongozaji alikuwa jukwaani pia, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwenyekiti, na hakuutoa.

Waliporudi nyumbani, kaka alikuwa amekwisha chana nywele, anawasubiri.

"Haya, niambieni. Walinisikia?"

Mwongozaji aliinama kufungua viatu.

"Walilia," wifi alisema.

"Wote?"

"Wote."

Kaka akashusha pumzi ndefu. "Basi sasa watamshtaki."

Gari lilipita mtaani polepole, watoto wakilikimbilia na kushangilia.

"Nani huyo?" kaka aliuliza.

"Mgeni rasmi," wifi alisema, akafunga dirisha.