Upande wa Kichwa cha Msusi

Saa nne asubuhi Atuganile anaegemeza paji la uso kwenye kioo chenye taa, kile cha kutundikia picha za ubongo, akijiambia kwamba anapumzisha macho tu. Hii ni siku ya pili hajalala sawasawa. Amemaliza shahada ya takwimu mwaka jana, na hii ndiyo kazi yake ya kwanza maishani: kujaza fomu za utafiti wa madaktari wa upasuaji, wanaofuatilia wagonjwa sitini ambao uvimbe kichwani umekumbatia mshipa mkubwa wa damu. Kila fomu ina mstari wa upande, kushoto au kulia, na katika hospitali hii orodha ya chumba cha upasuaji huchapwa kutokana na fomu hiyo hiyo. Pembeni, mahali pasipoulizwa kitu, Atuganile huandika kwa penseli kazi ya mgonjwa, kwa sababu hataki mtu ageuke namba mikononi mwake. Fomu ya leo inasema: uvimbe, kushoto. Pembeni inasema: msusi. Ni ya Mama Tupokigwe wa Mwanjelwa, ambaye mkono wake mmoja umeanza kuachia nywele za wateja katikati ya kusuka, na ambaye saa sita mchana wa leo atafunguliwa kichwa. Kioo kina joto kama shavu la mtu. Kinalegea, kinameza paji, kinameza pua, kinameza mabega, na Atuganile amekwisha kuwa upande wa pili.

Upande wa pili ni mji. Ni mji wa kijivu na mweupe, rangi zile zile za picha, na barabara zake ni nyekundu, zinagawanyika, kila moja inazaa mbili na kila mbili zinazaa nne, na zote zinadunda taratibu chini ya nyayo. Mtu anamngoja njia panda. Amevaa kofia ya kijani na barakoa ya kijani, na katikati ya kofia na barakoa hamna kitu, hata macho hamna. Karibu, dada mtafiti, anasema mtu huyo, umekawia kidogo lakini si vibaya. Atuganile haupendi upole huu. Nani amekwambia mimi ni mtafiti? Aliyekuonyesha wewe upande, ndiye aliyenionyesha mimi wewe. Upande gani? Twende kushoto, utauona. Wanakwenda kushoto. Wanakwenda kushoto tena, na tena, na kila Atuganile anapogeuka nyuma barabara waliyopita imejifunga kama kidonda kilichopona, na anaanza kuhisi kwamba haongozwi, anahamishwa. Na kwa nini kila mara kushoto? anauliza. Kwa sababu hujawahi kusema kulia, anajibu yule asiye na uso, na anacheka kicheko kidogo ambacho Atuganile anakifahamu, lakini hakumbuki alikisikia kwa nani.

Mtaani kuna maduka yenye maandishi asiyoweza kuyasoma, ingawa herufi anazijua zote. Saa yake, aliyoivaa mkono wa kushoto tangu sekondari, iko mkono wa kulia, na mishale inarudi nyuma. Anaficha mkono mfukoni, asionekane kwamba ameona. Mbele yao barabara moja nyekundu imebanwa na nyumba nene isiyo na madirisha, nyumba iliyovimba hadi imeikumbatia barabara yote, na barabara inadunda kwa taabu, nyembamba, inakaribia kupasuka. Lakini pale hapana mtu. Mafundi wako ng'ambo, mtaa wa pili, wamevaa kijani wote, hawana nyuso wote, wanavunja nyumba safi zilizopangwa vizuri, na kutoka katika kila nyumba inayovunjwa inatoka sauti: wimbo wa kanisani, jina la mtoto, namna ya kugawa nywele katika mafungu matatu. Acheni! Atuganile anapiga kelele. Hapa hapana ugonjwa! Fundi mmoja anajibu bila kuinua kichwa: Bibi wewe, sisi tunavunja palipoandikwa. Nani kaandika? Anapewa karatasi. Mwandiko ni wake. Ile K yenye mkia mrefu ni yake, na penseli ya pembeni ni yake. Anamgeukia kiongozi. Wewe umeibadilisha, anasema, tangu mwanzo nilikujua, umeibadilisha. Kiongozi anasema: Mtu aliyekesha akitafuta mwizi, amejipekua mwenyewe mfukoni?

Atuganile anamkimbia. Anakimbia na barabara zinazaa barabara, mpaka mlango mmoja unamnasa na kumtia saluni, na ndani ya saluni yuko Mama Tupokigwe, anasuka kichwa cha mteja mbele ya kioo kikubwa. Ee mwanangu, unahema kama umeiba kuku, kaa. Mama, wanakuvunjia upande usio wenyewe. Basi waambie. Siwaamini, na yule niliyekuwa naye simwamini. Na wewe mwenyewe unajiamini? Mama Tupokigwe anamgeukia mteja, ambaye ananyoosha kidole kwenye kioo akisema, nipunguzie huku, na msusi anamzaba kofi dogo la utani begani: Huku kwako, au huku kwa kioo? Miaka thelathini nauliza swali hilo, dada, kuna bibi harusi nilimharibu kwa kutouliza. Basi Atuganile anaona. Picha ya kichwa humkabili mtazamaji uso kwa uso, kama mtu anayetaka kusalimiana, na kulia kwake huangukia kushoto kwako. Uvimbe aliuona kushoto kwa picha, akaandika kushoto. Alifundishwa siku ya kwanza, akaitikia kwa kichwa, akasema nimeelewa. Kile kicheko kidogo kilikuwa chake, alikicheka siku hiyo. Ananyakua kalamu iliyochomekwa kwenye nywele za msusi, kwenye ile karatasi ya mafundi anakata neno moja, anaandika jingine, anakandamiza mpaka karatasi inatoboka.

Anaamka shavu likiwa limegandana na kioo. Saa tano na dakika hamsini. Fomu iko mezani, na juu yake neno kushoto limekatwa, kulia limeandikwa, karatasi imetoboka. Hakumbuki kuchukua kalamu. Orodha ilikwisha kuchapwa. Anakimbia korido nzima, anampita muuguzi, sista Enesia, anayemwuliza wewe binti una nini, anashika kitanda cha magurudumu mlangoni pa chumba cha upasuaji. Mama Tupokigwe amelazwa, nusu ya kichwa imenyolewa. Ya kushoto. Anamwambia daktari mpasuaji: Daktari Mwakabinga, nilikosea mimi, niliandika nilivyoona kwenye picha, uvimbe uko kulia. Daktari anaiinua picha kwenye mwanga, anatafuta herufi ndogo ya pembeni inayoonyesha upande, anaitazama kwa muda mrefu. Kulia, anasema. Rudisheni mgonjwa, mnyoeni upya, na orodha ichapwe tena.

Atuganile haamini bado. Anazunguka, anasimama nyuma ya kichwa cha mgonjwa, kama wasusi wasimamavyo, ili kulia kwake kuwe kulia kwa mama, na anaweka kiganja cha kulia penye nywele ambazo hazijanyolewa. Ni huku, anasema. Mama Tupokigwe, macho yamemlegea kwa dawa, anatabasamu. Huku kwangu, mwanangu, au huku kwa kioo? Maneno hayo Atuganile hajamsimulia mtu yeyote. Anatazama mkono wenye saa yake, anashindwa kukata shauri kama ni wa kushoto au wa kulia. Kisha polepole anainua uso kumtafuta daktari, anaona kofia ya kijani, anaona barakoa ya kijani, na anaomba sana, kabla hajatazama katikati, akute macho.