Pumzi ya Velin Kwenye Bunduki ya Upepo

Siku ya soko, saa tano asubuhi, Rangel alivua kitako cha mti cha bunduki ya upepo ya marehemu Velin, akauzamisha mtungi wake wa upepo kwenye karai la maji, akainama kutazama, kama fundi baiskeli anayetafuta pancha. Aliyeileta, Bi Stanka, mjane wa Velin, alikaa kwenye kigoda na mkoba mapajani. Alikuwa ameshaeleza kwamba inavuja tangu mazishi, na kwamba kila jioni inakohoa nyuma ya kabati.

Viputo vilitokea pale geji ya kupimia upepo inapokutana na mtungi. Kila kimoja kilipopasuka kilitoa mkoromo mdogo, kikaacha vumbi la kijivu juu ya maji. Rangel, aliyewahi kuchoronga miamba mgodini, kuitoboa kwa mashine, pamoja na Velin kabla hajafungua duka lake la ufundi, alisikiliza kidogo.

"Ni mwenyewe," akasema.

"Ni yeye," Bi Stanka akaitikia. "Aliijaza kwa pampu ya mkono wiki ile aliyolazwa, eti ndege wale kwezi wasije wakamaliza cheri. Na miti yenyewe ilikuwa haijatoa hata ua. Mbishi yule."

Rangel alimweleza ukweli. Ringi ya mpira imekatika na kuibadilisha si kazi, lakini mtungi haufunguliwi ukiwa na upepo. Ukijaribu, chuma kitakurukia usoni. Lazima kwanza Velin atolewe wote. Akiachwa hivyo hivyo, atavuja taratibu mpaka aishe. Bi Stanka aliuliza kama hawezi kuhamishiwa mtungi mwingine. Rangel akasema inawezekana, ila atahamia nusu tu, nusu itabaki humu. Bi Stanka akajibu kwamba mume nusu hakumtaka hata alipokuwa hai.

Lakini lililomkosesha usingizi halikuwa la marehemu. Mwanawe Kalin alikuwa ameingia mgodini kushika nafasi ya baba yake, kwenye mashine ile ile ya kuchoronga, inayofanya kazi kavu, bila maji ya kulaza vumbi. Daktari wa mgodi aliandika kwamba Velin kaondoka kwa sababu ya sigara. Velin! Mtu aliyekuwa akitoka nje ya harusi kwa kukimbia moshi. Sasa sigara ikishakubaliwa, vumbi halina kosa, na bila kosa nani atahangaika kupeleka bomba la maji kule chini? Mji mzima tulilijua hilo, lilituuma, na tuliendelea kuamka kwenda zamu.

Basi Bi Stanka akaomba daktari huyo huyo ausikilize mtungi kwanza, kabla Velin hajatolewa. Haikuwa shida. Dakta Asparuhov naye alikuwa na bunduki yake kwa Rangel, na mchana hupita kuiulizia. Alipofika alimpa mjane pole, akatoa kipimo chake cha kusikilizia kifua, akakiweka kwenye mtungi juu, katikati na chini. Alimwomba Rangel augeuze, akasikiliza na upande wa pili. Kisha alichovya kidole kwenye vumbi la karaini akalisugua.

"Mapafu ya mchorongaji," akasema. "Yamejaa vumbi la mawe. Sigara hamna hata chembe."

"Basi andika hivyo, Dakta. Nina mtoto kule."

Daktari alikikunja kipimo taratibu. Sisi tunaomjua tunasema aliona haya kweli, maana si mtu mbaya.

"Niliyemsikiliza leo ni bunduki, Bi Stanka. Na bunduki haijawahi kuajiriwa mgodini."

Akauliza habari za bunduki yake, akaambiwa Alhamisi, akaaga.

Mjane akamwambia Rangel amfungulie mzee wa watu, ameteseka vya kutosha, asikae kwenye chuma. Rangel akalegeza skrubu ya kutolea upepo. Velin alitoka kwa kelele mwanzoni, kisha polepole, kama mtu anayepitiwa na usingizi, na mkewe alikinga kiganja pale kwenye tundu mpaka mwisho. Alilia bila kujificha. Rangel alimngojea, akavalisha ringi mpya, akaipaka grisi, akakaza. Alipoupampu mtungi kidogo na kuuzamisha tena, maji yalitulia tuli.

Jioni Kalin alirudi, akanywa supu ya maharagwe, akatoka uani na pampu kuijaza bunduki barabara, kwa kuwa cheri zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu na kwezi hawajali msiba wa mtu. Alipomaliza alimkabidhi mama yake bunduki, akaenda kuoga.

Bi Stanka akaweka sikio kwenye mtungi. Mle ndani mwanawe alikuwa anapumua, na mwishoni mwa kila pumzi kulikuwa na mkoromo, mdogo bado. Akakaa akiitazama geji, akiomba ishuke walau kidogo, ili mkoromo uwe wa kuvuja tu. Haikushuka. Rangel ni fundi.

Asubuhi alimfungia Kalin mkate, jibini na pilipili hoho za kuchoma, akamfunga skafu shingoni, Kalin akaenda zamu.