Kisiwa cha Nzilo

Upepo ulipopindua mtumbwi wa Tata Kisimba, mzee mvuvi aliyekuwa akituletea samaki kisiwani, mimi nilikuwa nimeinama ufukweni nikisugua sufuria. Niliona ubavu mweusi wa mtumbwi, kisha mkono mmoja, kisha maji matupu. Nilifungua kitenge, nikabaki na shimizi, nikajitupa ziwani.

Kolwezi, mji wetu, ilikuwa imetucheka kabla hatujaondoka. Tulikuwa wanawake watatu: Mado, muuguzi, Fidélie, karani asiyelala bila redio, na mimi, Kadija, mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka ule wa sabini na nne tulitaka konje, likizo ya juma moja kisiwani, mahali pasipo umeme, pasipo vumbi la machimbo, pasipo mume wala kaka wa kuuliza chakula kiko wapi. Baba yangu, Asani, aliyesafirisha mahindi kwa lori kutoka Sandoa, alitikisa kichwa kusikia kisiwa, au kisanga kama alivyokiita.

"Banamuke batatu mu kisanga, bila mwanaume? Ile ni kutafuta kilio."

Lakini mimi nililelewa na bibi kule Kindu, kando ya mto Lualaba, na ziwa la Nzilo ni mto uleule, umezuiwa tu na bwawa. Maji yale na mimi tulijuana zamani.

Nilimpata Tata Kisimba kwa ukosi wa shati. Alinipiga teke, akanizamisha, nikanywa maji hadi kifua kikawaka. Nikamgeuza chali, nikamvuta. Fidélie alikuwa ameingia mpaka shingoni, naye hajui kuogelea, akanirushia vitenge vyetu alivyovifunga kamba moja.

"Shika, Kadija. Mi sikuachilii."

Mkono wa mzee ulikuwa umevunjika. Mado aliunyoosha, akaufunga kwa mwiko wetu wa kusongea bukari, ugali wa kwetu, akasema lazima afike hospitali. Upepo ulikuwa umeusukuma mtumbwi hadi kwetu, pamoja na kafi moja. Hakuna aliyewahi kupiga kafi kati yetu. Tukaugeuza, tukamlaza mzee ndani, naye akatufundisha huku ameuma meno.

"Usipigane na mawimbi, mwalimu. Uyapite kwa pembeni."

Tulipokezana hadi viganja vikachubuka. Mtumbwi ulipogusa mchanga wa ng'ambo, wavuvi walitutazama, kisha mmoja wao akavua kofia.

Hakukuwa na gari usiku ule, lakini habari zilimfikia Baba kwa mdomo wa dereva mwenzake. Asubuhi lori lake lilisimama ufukweni. Alisaidia kumpandisha Tata Kisimba, kisha akatugeukia.

"Mupande. Tunarudia ku nyumba."

Sikuwahi kumkatalia Baba neno. Sauti ilinitoka taratibu.

"Baba, konje yetu haiyaisha."

Mzee Kisimba akatoa kichwa dirishani. "Tata Asani, bila huyu mutoto yako, leo ungekuya kubeba maiti. Bakamate mutumbwi yangu, barudie ku kisanga."

Baba alivitazama viganja vyangu. Kisha akavua viatu, akakunja suruali, akashika mkia wa mtumbwi. Tukapanda, mimi mbele na kafi. Alitusukuma hadi maji yakamfika mapajani.

Akasimama palepale. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka nchi kavu, na nilimsikia akiwaambia wavuvi waliosimama nyuma yake:

"Ule wa mbele, ule mwenye kafi, ni wangu."